Bibi wa Nge Mkononi mwa Khalfan

Khalfan,

Siku yako ilipofika nilikutetea kama simba. Nilisimama kichwani pa maiti yako, mbele ya maalim wa msikiti na waosha maiti wake wawili, nikatoa hoja mpaka wakainamisha vichwa, na mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Mpaka leo Maskati nzima inalizungumza.

Uongo mtupu. Yule aliyejifuta macho aliingiwa na karafuu maiti. Na Maskati inazungumza kweli, ila si hilo inalolizungumza. Ungelikuwa hai ungelinikatiza hapo hapo, "Mbaruku, wewe hata salamu unaitia chumvi," basi nimejikatiza mwenyewe. Nimekupunguzia kazi.

Sikuulizi hali. Hali yako nnaijua, nilishika miguu.

Nianze na kufa kwako, maana wewe hukupata nafasi ya kucheka, na kulikuwa kwa kuchekwa. Adhuhuri ishaswaliwa, jua limewalaza hata mbwa, wewe unatoka kibandani kwako hapa nje ya Lango Kubwa na kikombe chako cha kahawa, unaona mkeka uliokunjwa mlangoni, unaukalia kama tajiri. Ndani ya mkunjo mna nge mweusi, mnene kama kidole gumba changu. Akakudunga kalio la kushoto. Uliruka, Khalfan! Miaka yote goti linakuuma, huinuki bila ya kushikwa bega, siku ile uliruka kama mwana wa mbuzi. Nami nikacheka. Nilikuwa nimekaa mbele yako na kiatu cha watu mapajani, nikacheka mpaka nikadondosha sindano. Nilipomaliza kucheka wewe ulikuwa huwezi tena kuvuta pumzi. Hata alasiri hukuifikia.

Na mtu mwenyewe ni wewe! Wewe uliyefunga Bibi wa Nge mkononi tangu ujana wako, ukafa kwa nge, na ukafa kwa kukosa pumzi. Ningelisimuliwa na mtu ningelimwambia aende akadanganye watoto.

Maana umetuchosha masikio, bwana. Toka Unguja, kila baraza, kila kikombe cha kahawa, bibi zako wa Misri. Ulishuka Suwesi na homa, meli ikakuacha, ukawa mpishi wa Wazungu waliokuwa wakifukua makaburi ya mafirauni, ukarudi kwetu unajua kusoma Kiarabu, Kiingereza, na zile picha za ndege na macho walizoandikia wafu wao. Miungu wao wakubwa hukuwataka. Ulisema wale kila mjinga anawajua, wana mahekalu yao. Wako wewe ni wale wadogo, wa kazi za mikono, waliolinda watu wa kawaida kwenye mambo ya kawaida. Serketi, ndiye huyo mwenye nge kichwani kama mwanamke aliyejitwika mtungi, kazi yake kulegeza koo lililokabwa na sumu. Tena ukaongeza kuwa ndiye aliyewekwa kulinda utumbo wa wafalme kwenye vyungu. Utumbo wa wafalme ameulinda, kalio la Khalfan limemshinda.

Na yule kiboko je, Tauereti, amesimama kwa miguu miwili, tumbo la mimba, matiti yamelala, mgongo wa mamba, anakaa kitandani pa mwanamke mwenye uchungu? Ulisema sura ile mbaya ni ya kumfukuza shetani. Nikakwambia basi mama mkwe wangu angelitosha kuwa mkunga wa mji mzima. Ulinuna wiki. Hukujua kuchekwa, Khalfan. Ndiyo maana kufa kwako kumekosa adabu.

Serketi ulikuja naye, kidude cha buluu, urefu wa kidole. Mie ndiye niliyemshonea ngozi ya mbuzi, nikamfunga uzi mistari mitatu, kama hirizi nyengine yoyote iliyopita mikononi mwangu. Sisi kwetu hirizi ikishashonwa haifunguliwi. Anayeifungua anaibatilisha na anajiletea balaa nyumbani, hata mtoto anayetambaa anajua. Kwa hivyo hukuwa na khofu. Na mwaka ule Unguja ilipopinduka, wale vijana wenye mapanga bandarini wakakuvua saa, wakakuvua pete, wakamvua mkeo, shemegi Zuhura, vipuli mpaka sikio likachanika. Hirizi mmoja akainyooshea mkono, mwenziwe akampiga kofi la mkono. Mikono ile ilikuwa na damu ya watu hadi viwikoni, na ikaogopa ngozi ya mbuzi. Ukavuka na bibi wako mpaka Maskati, sisi wengine tukavuka na nguo ya mwilini.

Sasa sikiliza waliyokufanyia wacha Mungu.

Waosha maiti walikuwa wenyeji wa huku, watu wa Sidab, kijiji cha wavuvi nyuma ya jabali, wema, miguu yao inanuka papa. Waliikuta hirizi mkononi mwako. Wale hawana mila yetu ya kuogopa kuifungua. Wao khofu yao ilikuwa nyengine: ndani mna karatasi yenye jina la Mungu, isije ikaingia maji ya maiti. Wakaona waikate, waitoe ile karatasi, waiweke msikitini kwa heshima. Kwa adabu, Khalfan! Kwa adabu kabisa yule mkubwa wao akatia kisu kwenye mshono wangu, akaingiza vidole viwili, akamtoa mwanamke wa buluu mwenye nge kichwani.

"Aqrab!" akapiga ukelele, na nge wao ndio huyo huyo nge wetu. Akamrusha. Bibi akamwangukia maalim mapajani.

Basi hebu fikiri wewe, uliyekuwa na akili. Mtu ameuawa na nge. Mkononi amefungwa nge. Maneno hayo hayahitaji skuli. "Alikuwa akimfuga," yule mdogo akasema, "leo kamgeukia." Wakaondoa mikono yao juu yako kama waliogusa kaa la moto. Na ulikuwa umeoshwa nusu: upande wa kulia tayari, wa kushoto mkavu. Kalio lenyewe la nge halijafikiwa. Ukalala hivyo, nusu mtu wa peponi, nusu mchafu, na inzi hawakujali mpaka uko wapi.

Maalim alimshika Serketi kwa ncha ya kanzu. Akasema, kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "Kama alikiabudu hiki, hatumswalii. Wala hatumtii makaburini mwetu." Nikauliza, atiwe wapi? Akanyoosha kidevu kuelekea majabalini. Unayajua majabali yetu. Udongo hakuna, mbwa wapo.

Kisha akautazama mshono. "Mzee Mbaruku," akasema, "hii si kazi ya mkono wako?"

Hapo ndipo palipotaka simba. Nikamtafuta simba ndani yangu, nikamkuta kuku.

Nilitaka kuwaambia kweli, wallahi nilitaka. Kwamba hukumwabudu mtu. Kwamba swala zako tano ulizishika kuliko mimi. Kwamba uliwapenda bibi wale kama mwengine anavyopenda njiwa au mashairi, kwa kuwa mtu maskini wa zamani aliyeogopa nge usiku alikaa akawaza, akampa khofu yake sura ya mwanamke mwema. Ndivyo ulivyosema wewe, si mie, mie maneno hayo sina. Lakini kweli ni ndefu, Khalfan, na maiti ilikuwa ikivimba.

Nikasema, "Alikuwa mwehu."

Nilikumbuka lile la chuoni, maana sikujifunza mengi lakini hilo lilinibaki: mwendawazimu haandikiwi dhambi. Nikasema akili ilikutoka siku tuliyotolewa Unguja, ukawa huyajui uyatendayo, na kidude kile uliuziwa na tapeli wa Suwesi ukidhani dawa. Nikaapa. Nikaapa tena, bila ya kuombwa.

Maalim si mjinga. "Mwehu vipi? Si ndiye anayewasomea watu barua zao?"

"Ndiye," nikasema. "Na nani kati yetu amewahi kujua kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa?"

Wakatazamana. Nikaona limeingia. Nilijisikia vizuri, usinichukie, nilijisikia kama mtu aliyepitisha sindano mara ya kwanza. Kwa neno moja nilikuwa nimeibomoa skuli yako yote, na haikutoa hata vumbi.

Lakini maalim akataka shahidi wa pili. Shemegi Zuhura alikuwa nyuma ya pazia la gunia. Akaulizwa kwa sauti: mama, marehemu alikuwa na akili zake?

Nikasema tumekwisha. Mwanamke yule hajawahi kusema uongo, hata sokoni hajui kupunguziwa bei. Nikayatazama majabali, nikaanza kufikiri nitakubebaje.

"Hakuwa nazo," sauti ikatoka nyuma ya gunia. "Hata siku moja."

Maalim akauliza, kwa dalili gani?

"Akizungumza na mkono wake."

"Mkono?"

"Mkono. Akiamka huupa sabalkheri kabla yangu. Akila hugeuza shavu akaucheka. Nilipoumwa mwaka jana alikaa kitandani pangu kutwa, nikajua leo mume wangu ananitazama. Alikuwa akiueleza mkono namna nnavyohema."

"Na mkono ukimjibu?"

"Sijui. Ila yeye akiujibu. Mimi nikimuuliza kitu, hajibu."

Hapakuwa na uongo hata neno moja, Khalfan. Mie niliapa mara mbili nikaonekana muongo, yeye hakuapa, akasema kweli tupu, na kweli ikakumaliza. Maalim akatikisa kichwa, akasema, "Maskini." Wale wa Sidab nao, "Maskini, maskini." Wakakuosha upande wa kushoto. Wakakuosha kwa huruma sasa, kama mtoto.

Kidogo kilichobaki ni kile kidude. Maalim alitaka kivunjwe. Nikaenda kuchukua nyundo yangu ya ngozi, mkono ukatoka chini ya pazia la gunia, kiganja wazi. Shemegi akapewa kidude. Tukasikia kinu cha kahawa. Alimtwanga taratibu, kama anayetwanga iliki, na baina ya pigo na pigo nikamsikia akisema kwa Kiswahili, si kwa ajili yetu, "Nimekuwa mke mwenza wa jiwe umri wangu wote. Leo nimefiwa na wote wawili." Maalim, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia samaki, akamsifu kwa imani yake. Sikumfasiria.

Ukaswaliwa. Umezikwa na Waislamu, chini ya jabali lakini upande wa ndani, kuna hata kivuli kidogo jua likigeuka. Hivyo ndivyo nilivyokutetea.

Sasa khabari za huku. Jina lako ni Khalfan Mwehu. Limeshika upesi kuliko gundi yangu. Watu uliowasomea barua miaka yote wanatafutana barazani kuulizana kama ulizibuni. Yule mzee wa Sidab uliyemsomea talaka ya bintiye anadai binti hajaachwa, amemrudisha kwa mume kwa nguvu, na mume ana mke mwengine ndani. Jana nimewasikia wakipigana mpaka huku, na jabali liko katikati. Watoto wa mtaani wana mchezo mpya: wanaupapasa mkono wa juu, wanaubusu, wanasema, "Sabalkheri, bibi." Wanaufanya vizuri, mmoja kakupata hata namna ulivyokuwa ukikiinamisha kichwa. Mimi hucheka. Nisipocheka wataniuliza kwa nini.

Shemegi hajalia mbele yangu. Lakini siku moja nilikwenda kumpelekea ndala nilizomshonea, nikaona kizingitini pake pamepita mstari mwembamba wa vumbi la buluu, toka ukingo hadi ukingo. Nikamuuliza, shemegi, nini hiki? Akanitazama kama anayetazama mlango uliofungwa vibaya. "Nimemmwaga," akasema. "Kama ana kazi, na aifanye sasa." Kisha akaukung'uta mkeka mara mbili, akaukalia, akanimiminia kahawa. Alikunywa kwa kikombe chako.

Macho yangu yameingia ukungu. Uzi sindanoni siutii tena mwenyewe, hunitilia shemegi. Simtaji yule nyoka wako wa jabalini, Meretsegeri, Apendaye Kimya, aliyewapofua wale wachimba makaburi walioapa uongo. Nnasema tu niliapa uongo, na macho yameingia ukungu. Uliniambia akiombwa msamaha husamehe. Simwombi. Mie Muislamu, na tena ni mzee, mzee yeyote huona ukungu.

Bibi zako hawajui kazi, Khalfan. Nimekaa nikawahesabia na sikumpata hata mmoja. Wa nge kakuacha kwa nge. Na yule chura je?

Ulidhani sitomtaja. Mwanaisha, mke wangu, alipokuwa na uchungu kule Unguja na mtoto hataki kutoka, ulikuja mbio na chura wa buluu mkononi, ukasema huyu ni Heketi, ndiye afunguaye njia ya mtoto na kumtia pumzi, mfunge kiunoni. Nikamfunga. Nilimfunga kwa mkono huu, nikikaza fundo na Mwanaisha ananiuma bega. Wakaondoka wote wawili, mama na mtoto aliye ndani yake, na chura kiunoni. Ukaja msibani, ukanitazama, ukasema, "Mbaruku, ni kijiwe tu." Kijiwe tu! Miaka yote ukinipigia kelele kuwa si kijiwe, siku ile ndiyo ukakumbuka kuwa ni kijiwe.

Sikukujibu siku ile, nnakujibu leo. Chura yule nilimshonea ngozi, mistari mitatu, nikamfunga mkononi kwangu, nikavuka naye bahari nikisema nimevuka na nguo tu, na yupo mpaka sasa ninavyokwambia. Ulijua. Uliuona mkono wangu kila siku na hukuuliza, na hilo ndilo lililonifanya nikuvumilie. Usidhani nnamwamini. Nimemfunga kama mtu anavyomfunga mwizi aliyemkamata mwenyewe, asimpeleke popote, amweke tu. Na kwa kuwa kiuno kile, mwisho kuguswa, kiliguswa naye.

Sasa unaona shida yangu. Kisu walichokutilia wewe wanacho bado. Mshono wangu wanaujua, na safari hii wanajua pia kilichomo ndani ya mishono yangu. Watakata wakiwa tayari wameshakasirika. Nani atasema mie mwehu? Mke sina, wa kukaa nyuma ya gunia akanitaja. Shemegi nikimtegemea atasema kweli kama kawaida yake, kwamba Mbaruku alikuwa na akili mpaka zikamwagika. Nami nitakwenda majabalini.

Utasema, kata leo basi. Nimejaribu. Kisu changu cha ngozi hukata kwato ya punda. Nikikiweka kwenye uzi ule, mkono unaoshika unakuwa si wangu. Nikisema kesho, kesho inakuwa vile vile. Nikikata nikiwa mzima nitabaki na nini cha kumkasirikia?

Nnakuahidi mambo mawili, na haya siyatii chumvi. Shemegi hatolala na njaa maadamu nna kidole cha kushika sindano. Na wehu wako nitautunza. Wakiniuliza, nitaongeza. Siku nitakayosema kweli juu yako ndiyo siku watakayokufukua, kwa hivyo sitoisema, hata watoto wakiubusu mkono mpaka ukachubuka. Ulikuwa mwenye elimu kuliko mji huu wote, na hili halitotoka kinywani mwangu maisha.

Haya, bwana mkubwa. Baki na ubavu wako wa kulia, usigeuke, kushoto kuna uvimbe. Mola akupanulie hapo ulipo, na akusamehe, na mie akisalia na msamaha kidogo asinipite.

Lakini nnakudai. Nimekutia kaburini na Waislamu kwa kiapo changu na kwa macho yangu, na hukunipa hata ahsante. Sitaki kikubwa. Siku yangu ikikaribia, njoo ndotoni alfajiri moja kabla yake, unigonge begani. Khabari za akhera kaa nazo, wala usianze kunisomesha. Sema tu, "Mbaruku, kata uzi," uondoke.